Kuruti simu ya Android: shika kwanza njia ya kurudi

Mwishoni mwa mwaka 2008, wenye T-Mobile G1, simu ya kwanza ya Android kuingia sokoni, waligundua kituko. Kila walichoandika kwenye kibodi, hata ujumbe wa salamu tu, kilikuwa kinasikilizwa pia na dirisha la amri lililojificha chini ya mfumo, tena dirisha lenye mamlaka yote juu ya simu. Ukiandika neno reboot kwenye mstari wake peke yake, ukabonyeza Enter, simu ilizima na kuwaka upya palepale. Google iliziba tundu hilo haraka, lakini wadadisi walikuwa wameshaandika telnetd, amri inayofungua mlango wa kuingia kwenye mashine kutoka mbali, wakaingia kwenye simu zao kwa mlango huo na kufanya humo ndani walichotaka.

Kisa hicho kinaonyesha kuruti ni nini hasa. Watu wengi hudhani ruti ni programu fulani ya kupakua. Ruti ni cheo. Chini ya Android kuna kerneli, yaani kiini cha mfumo, ya Linux, na Linux imerithi kwa Unix desturi ya kumpa kila mtumiaji namba. Namba 0 ni ya ruti, yaani mzizi. Huyo haulizwi wala hakatazwi. Android imeitumia desturi hiyo kwa namna yake: kila programu unayoiweka kwenye simu inapewa namba yake, kuanzia 10000 kwenda juu, na kila namba ina chumba chake. Programu ya picha haiwezi kuchungulia chumba cha programu ya benki kwa sababu kerneli inaziona kama watu wawili wasiojuana.

Ni nyumba ya kupanga. Na wewe uliyeilipia simu, humo ndani ni mpangaji vilevile. Una chumba kikubwa na baraza, lakini ufunguo malaya, ule unaofungua milango yote, huna. Kuruti ni kuuchukua ufunguo huo. Raha na balaa zake zote zinatoka hapo hapo, maana ufunguo unaokufungulia wewe utamfungulia pia yeyote utakayemwazima.

Mambo matatu yanayochanganywa

Anayeanza hukutana na maneno matatu na kuyaona ni kitu kimoja. La kwanza ni kufungua butiloda. Butiloda ni kiprogramu kinachoamka mapema kabisa unapowasha simu, kazi yake ikiwa kukagua mfumo kabla ya kuuruhusu uwake. Ikiwa imefungwa, hukubali tu mfumo wenye sahihi ya kiwanda. Ukiifungua, inakubali chochote utakachokiweka. La pili ni kuruti kwenyewe: kuingiza kwenye mfumo uliopo kitu kinachogawa mamlaka ya ruti kwa programu utakazoziruhusu. La tatu ni kuweka romu nyingine, mfano LineageOS, yaani kuuondoa mfumo wa kiwandani na kuleta mwingine.

Unaweza kufungua butiloda usiruti. Unaweza kuweka LineageOS bila ruti kabisa, na wengi wanaishi hivyo miaka. Kutoa kufuli la laini, ili simu ikubali kadi ya mtandao mwingine, ni jambo la nne lisilohusiana na hayo yote, ingawa ndilo nililoulizwa mara nyingi zaidi na watu waliosema wanataka kuruti.

Zamani hatua ya kwanza ilirukwa. Mwaka 2014 ilitoka programu iitwayo Towelroot: unaifungua, unabonyeza kitufe kimoja, simu imeshapata ruti. Ilitumia kasoro ndani ya kerneli ya Linux. Baada yake zikaja nyingine za kubonyeza mara moja, KingRoot ikiwa maarufu zaidi. Njia hiyo imefifia kwa sababu kasoro kama zile huzibwa na masasisho ya usalama ya kila mwezi, na kuingia kwenye mfumo kumekuwa kugumu. Ukikutana leo na programu inayodai itairuti simu yoyote kwa kitufe kimoja, jiulize inachofanya. Inavamia simu yako kwa kutumia udhaifu, halafu yenyewe ndiyo inabaki na ufunguo malaya mfukoni. Hapo hujawa mwenye nyumba; umebadilishiwa mwenye nyumba. Mimi hizo sizigusi.

Njia ya siku hizi ni ya mlangoni: unafungua butiloda kwa utaratibu uliowekwa na mtengenezaji, kisha unarekebisha faili moja dogo la mfumo. Ni ndefu kidogo, lakini kila hatua unajua umefanya nini na unaitenguaje.

Kwa nini kufungua kunafuta kila kitu

Swali hili huwaudhi watu: kwa nini nikifungua butiloda ya simu yangu mwenyewe, picha zangu zifutwe? Mfikirie mwizi. Ameokota simu iliyofungwa kwa nywila. Kama angeweza kufungua butiloda bila data kufutwa, angeweka mfumo wake mwenyewe usiojali nywila yako, kisha akaanza kupekua. Kwa hiyo butiloda ikifunguliwa, simu inafuta eneo lote la data pamoja na funguo za usimbaji wake, na kinachobaki hakisomeki. Usumbufu unaoupata wewe leo ndio unaokulinda siku nyingine.

Baada ya hapo kila unapowasha simu utaona onyo kwamba mfumo haukaguliwi tena. Android ina rangi za hali hizi: kijani ni simu iliyofungwa na mfumo wa kiwanda, njano ni iliyofungwa lakini inatumia ufunguo ulioweka mwenyewe, machungwa ni iliyofunguliwa, nyekundu ni mfumo ulioharibika au usioaminika, na simu inakataa kuwaka. Wewe utaishi kwenye machungwa. Nyekundu ndiyo ya kuogopa, tutaifikia.

Machungwa ina gharama ambayo waandishi wengi wa maelekezo huipita haraka. Anayeishika simu yako mkononi kwa dakika chache anaweza kubadilisha mfumo wake bila wewe kujua, akakungoja uandike nywila. Data yako bado imesimbwa, lakini mlinzi wa getini ameondoka. Kwa simu inayokaa nyumbani hilo si tatizo kubwa. Kwa mwandishi wa habari, wakili, au mtu yeyote anayepita mipakani na siri za wengine mfukoni, ningemshauri asiruti simu hiyo kabisa. Atafute nyingine ya majaribio.

Vinavyorudi na visivyorudi

Kabla ya kugusa kebo, zipange hasara zako katika mafungu mawili.

Visivyorudi ni vichache lakini vichungu. Simu za Samsung zina fyuzi ya kielektroniki ndani ya chipu. Ukiwasha mfumo usio na sahihi yao, fyuzi hiyo inaungua na alama ya Knox, mfumo wa ulinzi wa Samsung, inageuka kutoka 0x0 kuwa 0x1. Hakuna programu inayoirudisha. Samsung Pay na Folda Salama zinakuwa zimekwenda na maji, hata ukirudisha mfumo wa kiwandani neno kwa neno. Dhamana nayo inategemea mtengenezaji na sheria za ulipo. Isome kabla, kwa kuwa simu inakumbuka.

Vinavyorudi, au vinavyoyumba, ni vingi zaidi. Programu za benki ndizo kilio kikubwa. Zinaiuliza Google kupitia huduma iitwayo Play Integrity: je, simu hii ni salama? Zamani jibu lilitegemea programu iliyokaguliwa na programu nyingine, na kudanganyana kuliwezekana. Siku hizi sehemu ya jibu inatoka kwenye eneo la siri la chipu, linalojua butiloda iko wazi au imefungwa na kutia sahihi yake. Ruti unaweza kuificha. Hali ya butiloda ni ngumu zaidi kuificha. Kuna moduli, vijiprogramu vya nyongeza, zinazojaribu; leo zinafanya kazi, mwezi ujao zimezibwa. Ni mchezo wa paka na panya, na anayeutegemea mchezo huo kwa pesa yake ya kula amejitafutia presha. Video nazo zinaweza kushuka ubora: baadhi ya simu zikifunguliwa hushuka daraja la Widevine, kinga ya Google ya video za kulipia, kutoka L1 kwenda L3, na Netflix haitakupa picha kali.

Ukishaona orodha hiyo, jiulize unataka nini hasa. Watu wengi waliotaka ruti walikuwa na haja ndogo iliyokwisha kupata dawa. Kuondoa programu za kiwandani zisizotakiwa kunawezekana kwa kompyuta na adb, chombo cha kuipa simu amri kupitia kebo, kwa amri ya adb shell pm uninstall --user 0 ikifuatwa na jina la programu. Inatoweka kwako, na ukiirudisha simu ilivyotoka kiwandani inarejea. Kuzuia matangazo kunawezekana kwa DNS ya faragha (huduma ya kutafuta anwani za tovuti), iliyomo ndani ya Android tangu toleo la 9. Programu iitwayo Shizuku huzipa programu nyingine mamlaka ya adb, pungufu ya ruti lakini ya kutosha kwa mengi. Mwenye haja ya kweli ni anayetaka kuchukua nakala kamili ya chumba cha kila programu, kudhibiti kasi ya prosesa na chaji, kubadilisha faili za mfumo, au kujifunza tu. Kujifunza ni sababu nzuri kuliko zote, na simu yake iwe ya zamani iliyolala kabatini.

Kuijua simu yako kwa jina lake kamili

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, kwa hiyo nitakaa. Jina la dukani halitoshi. Simu mbili zenye jina moja kwenye boksi zinaweza kuwa na chipu tofauti ndani. Ingia Mipangilio, sehemu ya Kuhusu simu, unakili namba ya modeli yote pamoja na herufi za mwisho, kisha namba ya muundo, ule mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu unaoonyesha toleo halisi la mfumo uliomo sasa. Mambo haya mawili ndiyo kitambulisho chako. Faili lolote utakalopakua lazima lilingane na yote mawili.

Najua kwa sababu niliwahi kudharau. Nilikuwa na faili la modeli sahihi kabisa, ila la mfumo wa mwezi mmoja nyuma. Nikajiambia mwezi mmoja ni nini. Simu iliwaka, lakini Wi-Fi haikuwaka na sauti haikutoka, kwa kuwa kerneli ya zamani haikuelewana na viendeshi, vijiprogramu vinavyoendesha vipuri, vya mfumo mpya. Nilikesha nikidhani nimeunguza maunzi. Asubuhi nikaweka faili la mwezi husika, na kila kitu kikarudi ndani ya dakika moja.

Ukishajua modeli, tafuta kama butiloda yake inafunguka kabisa. Google Pixel zilizonunuliwa kwa njia ya kawaida hufunguka kwa urahisi, lakini zile zilizouzwa na kampuni ya simu ya Verizon ya Marekani hazifunguki. Samsung zenye chipu ya Snapdragon za soko la Marekani nazo zimefungwa kwa muda mrefu. Huawei iliacha kutoa namba za kufungulia mwaka 2018. Xiaomi inakutaka uiunganishe simu na akaunti, uombe, kisha usubiri. Kwa simu nyingi subira hiyo imekuwa saa 168, na kwenye mifumo yao mipya masharti yameongezeka. Ikiwa yako haifunguki, habari imeishia hapo. Usimpe mtu pesa akuahidi muujiza.

Halafu fanya jambo ambalo karibu kila anayeanza analiruka: pakua mfumo mzima wa kiwandani wa modeli yako na namba yako ya muundo, uweke kwenye kompyuta, uhakikishe unafunguka. Hiyo ndiyo njia yako ya kurudi. Kama huipati popote, simu hiyo usiiruti, hata kama njia ya kwenda umeiona imenyooka. Google huweka mifumo ya Pixel hadharani kwenye tovuti yake. Baadhi ya watengenezaji huficha yao, na ndipo watu hujikuta wanaomba faili kwa wageni usiku wa manane.

Safari yenyewe

Hamisha kila kitu: picha, majina, mazungumzo. Usisahau programu za namba za siri za hatua mbili, ambazo watu huzikumbuka zikiwa zimeshafutwa na akaunti zote zimefungwa nje. Chaji ipite nusu. Kwenye kompyuta weka kifurushi cha Google chenye adb na fastboot (chombo cha kuzungumza na butiloda), na utumie kebo unayoiamini. Nusu ya makosa ya ajabu niliyowahi kusaidia yalikuwa kebo.

Kwenye simu, gonga namba ya muundo mara 7 mpaka ikuambie umekuwa msanidi. Ndani ya chaguo za wasanidi washa kibali cha kufungua OEM (ruhusa ya kufungua butiloda) na utatuzi wa USB (ruhusa ya adb). Unganisha, andika adb devices. Simu itakuuliza kama unaiamini kompyuta hiyo. Kisha adb reboot bootloader, na skrini itabadilika. Andika fastboot devices. Ikiwa namba ya simu inaonekana, mawasiliano yapo. Ikiwa haionekani, usiendelee, tengeneza viendeshi vya kompyuta kwanza. Kwa simu nyingi amri ya kufungua ni fastboot flashing unlock, na utathibitisha kwa vitufe vya sauti. Data inafutika hapo. Samsung haitumii fastboot. Ina hali yake ya kupakua na programu ya kompyuta iitwayo Odin, na mpangilio wa hatua zake unatofautiana vya kutosha kuhitaji maelekezo yake peke yake.

Sasa ruti. Chombo kinachotumika zaidi ni Magisk, kilichoanzishwa mwaka 2016 na John Wu, ambaye mwaka 2021 alijiunga na timu ya usalama wa Android ndani ya Google. Mwizi wa kuku kaajiriwa ulinzi wa banda, walitania wengi. Uzuri wake ni kwamba haiandiki kitu kwenye eneo la mfumo. Inarekebisha faili dogo linalotumika simu inapoamka, kisha inafunika mabadiliko juu ya mfumo bila kuugusa. Ipakue kutoka ukurasa wa mradi wenyewe kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhia miradi ya programu, na si kwingine. Tovuti za kuiga jina hilo zimejaa.

Kutoka kwenye mfumo wa kiwandani uliopakua, toa faili la boot.img, ndilo lile dogo la kuamshia simu. Kwa simu nyingi zilizotoka kiwandani na Android 13 au zaidi, unalolihitaji ni init_boot.img. Lipeleke kwenye simu, ifungue Magisk, iambie ilirekebishe. Itakutengenezea faili jipya lenye jina linaloanza na magisk_patched. Lirudishe kwenye kompyuta kwa adb pull, ingia tena fastboot, kisha fastboot flash boot likifuatiwa na jina la faili, au fastboot flash init_boot kwa zile za pili. Washa simu. Lile faili la asili ambalo halikuguswa liweke pembeni kwa jina lisilochanganya. Siku ukikwama, kuliflashi hilo tu, yaani kuliandika kwenye simu kwa fastboot, kunairudisha simu ilivyokuwa.

Kuishi na ufunguo

Mara ya kwanza programu itakapoomba ruti, Magisk itakuuliza. Mkono usizoee kubonyeza ndiyo. Tochi haihitaji ruti, wala mchezo. Wachache niliowaona wakiumizwa waliumizwa na programu waliyoiruhusu wenyewe miezi kadhaa baadaye, si na kazi ya siku ile ya kuruti.

Moduli ziweke moja moja, uwashe upya, uone. Ukiweka tano kwa pamoja na simu ikang'ang'ania kwenye nembo, hutajua mchawi ni nani. Ikitokea, iwashe katika hali salama: Magisk huzizima moduli zote, na ukiwasha tena kawaida unaingia. Hilo limewaokoa wengi ambao walikuwa tayari wanaitangaza simu yao kuwa tofali. Tofali la kweli ni simu isiyoonyesha chochote, hata skrini ya fastboot. Mradi unaifikia fastboot na una mfumo wa kiwandani, simu yako haijafa.

Masasisho ndiyo kazi ya kudumu. Simu iliyorutiwa mara nyingi hukataa kusasishwa kwa njia ya kawaida kwa sababu inakuta faili limebadilishwa. Rudisha faili la asili ndani ya Magisk, sasisha, kisha chukua boot.img ya toleo jipya na urudie marekebisho. La zamani halifai tena, nimeshasimulia. Na usikimbilie kurudi toleo la nyuma. Kuna kinga ya kuzuia kurudi nyuma inayochomwa ndani ya chipu: Pixel 6 zilizopata Android 13 mwezi Agosti 2022 hazikuweza tena kuwashwa na Android 12.

Kuna kosa moja ambalo hutokea mwishoni, mtu akiwa ameshachoka na kutaka kuiuza simu. Anaona onyo la butiloda kila anapowasha, anakumbuka kuna amri ya kufunga, anaandika fastboot flashing lock huku Magisk ikiwa bado imo. Butiloda inajifunga, inakagua, inakuta faili lisilo na sahihi, inaonyesha nyekundu na kugoma. Na kwa kuwa imeshafungwa, haikubali tena kuflashiwa. Ikiwa kibali cha OEM kilikuwa kimezimwa, mlango umefungwa kwa ndani na hakuna aliyemo. Utaratibu unaofaa ni kuflashi mfumo mzima wa kiwandani kwanza, kuiwasha simu mpaka ifike skrini ya kukaribisha, kuhakikisha inafanya kazi, ndipo urudi fastboot na kufunga. Kufunga nako kunafuta data, kwa hiyo picha zihamishe tena.